Kujifungulia hospitali iliyo mbali na unapoishi: namna ya kujipanga

Maswali ni yaleyale kila mara. Wanapokea mjamzito asiye wa eneo lao? Kliniki naanza upya? Nihame wiki ya ngapi? Na uchungu ukinishika njiani je?

Kwa wenye haraka: mara nyingi wanapokea, ila usibahatishe, uliza mapema. Kliniki huanzi upya kama rekodi zako unazo mkononi. Wengi hufaa kuhama kati ya wiki ya 34 na ya 36. Na uchungu ukikushika njiani, unaingia hospitali ya karibu yenye wataalamu, hata kama si ile uliyoilipia. Hilo la mwisho ndilo watu hawapendi kulisikia, nami nitalirudia mpaka unichoke: ukiamua kujifungulia mbali, unapanga hospitali mbili, si moja. Ile unayoitaka, na ile itakayokupokea mtoto akija kabla hujafika unakotaka.

Sasa twende kwa utaratibu.

Kwanza, je, safari hii inakufaa?

Watu huenda mbali kwa sababu nyingi: kuwa karibu na mama mzazi, kumfuata daktari fulani, kutafuta hospitali yenye chumba cha watoto njiti, au kwa sababu mume amehamishwa kikazi. Zote ni sababu halali, ila hazina uzito sawa. Kama unafuata huduma, chagua hospitali kwa huduma hiyo na usibabaishwe na rangi ya majengo. Kama unafuata familia, hospitali yoyote nzuri iliyo karibu na familia hiyo inatosha. Hakuna haja ya kuongeza umbali mwingine juu ya umbali.

Wako wajawazito ambao hawapaswi kupanga safari peke yao kabla daktari hajasema neno: mwenye kondo la nyuma lililotangulia mlango wa kizazi, aliyewahi kutokwa damu katika mimba hii, mwenye presha ya juu au dalili za kifafa cha mimba, aliyewahi kupata uchungu kabla ya wakati, mwenye mapacha, na mwenye mlango wa kizazi ulioonekana mfupi. Si kwamba wamekatazwa. Ni kwamba safari yao hupangwa mapema zaidi, na mara nyingine huwa ya rufaa rasmi badala ya kupanda gari tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kadi ya kliniki, ile halisi. Piga picha kila ukurasa, pamoja na kurasa unazodhani hazina kitu, kisha mtumie mtu mmoja unayemwamini.
- Majibu ya vipimo yaliyoandikwa: kundi la damu, wingi wa damu, VVU, kaswende, homa ya ini B, sukari, mkojo. "Waliniambia niko sawa" si majibu.
- Ripoti ya ultrasaundi ya kwanza kabisa uliyofanya. Ya mwisho nayo ni nzuri, lakini ya kwanza ina kazi yake, tutaifikia.
- Kama uliwahi kufanyiwa upasuaji wa uzazi, maelezo ya upasuaji huo kutoka hospitali ulikofanyiwa.
- Kitambulisho na kadi ya bima kama unayo.
- Mtu wa kwenda naye, na mtu wa kubaki na watoto wengine kama wapo.
- Fungu la pesa la dharura lisilogusika, kando na bajeti ya kujifungua.

Hatua ya 1. Mwambie mkunga wako wa sasa

Wengi huficha. Wanaona kama wanamsaliti mkunga aliyewahudumia tangu mwanzo, au wanaogopa kugombezwa. Matokeo yake wanaondoka bila barua, bila majibu kamili, na anayebaki nyuma hajui kama mteja wake yu hai.

Mwambie mara tu wazo linapokujia, hata kabla hujaamua. Wakunga wamezoea, hawanuni kama unavyodhani. Anaweza kukwambia mambo matatu usiyoweza kuyajua peke yako: kama mimba yako ina jambo linalozuia safari, kama hospitali unayoifikiria ina sifa unazozihitaji, na kama kuna kipimo au sindano inayopaswa kufanyika kabla hujaondoka. Mfano mzuri ni mwenye damu ya kundi hasi. Sindano yake ya kinga kwa kawaida huchomwa karibu na wiki ya 28, na nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua iwapo mtoto ana damu ya kundi chanya. Ukihama katikati bila mtu kujua, ni rahisi ya kwanza kukupita na ya pili kusahaulika.

Hatua ya 2. Piga simu, usitume mtu

Shangazi anayeishi karibu na hospitali atakwambia "ni nzuri sana, njoo tu." Mpende shangazi, lakini piga simu mwenyewe. Omba kuzungumza na kliniki ya wajawazito au wodi ya wazazi. Anayepokea simu mapokezi mara nyingi hajui mambo ya leba.

Anza hivi: "Nina mimba ya wiki 24, nahudhuria kliniki sehemu nyingine, nataka kuja kujifungulia kwenu. Utaratibu wenu ukoje?" Kisha nyamaza, acha waeleze. Baada ya hapo uliza yafuatayo, ukiandika majibu na jina la kitengo kilichokujibu:

Je, wanahitaji barua ya rufaa, au kadi inatosha? Hili ndilo la kwanza, kwa sababu hospitali kubwa nyingine hupokea kwa rufaa tu, au humtoza zaidi aliyekuja bila rufaa.

Wanataka uje mara ya kwanza ukiwa na wiki ngapi? Wengine wana mwisho wa kuandikisha.

Upasuaji wa dharura unafanyika saa zote, pamoja na usiku wa sikukuu? Damu ya kuongezewa ipo hapohapo au inaagizwa kutoka kwingine? Mtoto akizaliwa hapumui vizuri au kabla ya wakati, anahudumiwa hapo au anahamishwa? Maswali haya matatu ndiyo moyo wa simu nzima. Hospitali inayohamisha kila dharura kwenda kwingine haistahili safari ya mbali, labda uwe na sababu nzito sana.

Msindikizaji anaruhusiwa kuingia chumba cha kujifungulia? Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wakati wa uchungu, lakini si kila wodi imejengwa kwa ajili hiyo. Kama umesafiri ili mama yako akushike mkono halafu unakuta anasubiri nje ya geti, safari imepoteza nusu ya maana yake.

Mwisho uliza malipo: amana ya kuanzia, bei ya kuzaa kwa njia ya kawaida, bei ya upasuaji, na gharama ya mtoto akilazwa. Wengi husahau hilo la mwisho.

Tahadhari: "njoo tu" kwenye simu si nafasi. Kama wana utaratibu wa kuandikisha, andikishwa na upate namba au karatasi. Kama hawana, omba tarehe ya kuhudhuria kliniki yao angalau mara moja. Aliyekwisha kuonekana kliniki huwa na faili, na mwenye faili haanzi kwa maswali usiku wa manane.

Hatua ya 3. Tengeneza ukurasa mmoja unaokueleza

Kadi ya kliniki ni nzuri, lakini ina kurasa nyingi na miandiko ya watu tofauti. Mkunga anayekupokea ukiwa na uchungu hana dakika kumi za kuisoma. Kaa na mkunga wako wa sasa mwandike karatasi moja, apige muhuri. Iwe hivi:

*Mimba ya 3, amezaa mara 2, watoto hai 2. Wa kwanza njia ya kawaida. Wa pili kwa upasuaji, mtoto alitanguliza makalio. Chale ya kizazi: ya kulala, sehemu ya chini. Hedhi ya mwisho: 4 Machi. Makadirio ya kujifungua: 9 Desemba, yamethibitishwa na ultrasaundi ya wiki ya 11. Damu: O hasi, sindano ya kinga imechomwa wiki ya 28. Wingi wa damu: 11.2 wiki ya 30. VVU, kaswende, homa ya ini B: hasi, tarehe imeandikwa kwenye kadi. Mzio: penisilini, alitoka vipele mwili mzima. Dawa: vidonge vya madini ya chuma. Kondo: juu, ukuta wa nyuma.*

Chini yake namba mbili za simu. Basi.

Tazama sehemu ya chale. Kovu unaloliona tumboni halisemi kizazi kilichanwa vipi ndani. Ngozi inaweza kuwa imechanwa kwa kulala na kizazi kwa kusimama. Aliyechanwa kizazi kwa kulala, chini, mara nyingi anaweza kufikiriwa kujaribu njia ya kawaida. Aliyechanwa kwa kusimama sehemu ya juu hushauriwa upasuaji kabla uchungu haujaanza, kwa kuwa hatari ya kizazi kupasuka ni kubwa zaidi. Hospitali mpya isiyo na maelezo hayo inabaki kukisia. Ndiyo maana nasema fuatilia karatasi ya upasuaji hata kama itabidi uende ofisi ya kumbukumbu mara mbili tatu.

Na ile ultrasaundi ya kwanza? Kipimo cha miezi mitatu ya mwanzo ndicho kinachokadiria umri wa mimba kwa usahihi zaidi. Cha miezi ya mwisho kinaweza kukosea kwa wiki mbili au tatu, maana kwa wakati huo watoto hutofautiana ukubwa kama watu wazima wanavyotofautiana. Mara nyingi mama akifika hospitali mpya na wiki 36, anapimwa upya, mashine inasoma wiki 34, tarehe inabadilishwa, na kila mpango unavurugika. Ukiwa na ripoti ya kwanza, itoe na useme kwa upole: "Tarehe hii ilitokana na kipimo cha wiki ya 11." Daktari ataelewa.

Kama una VVU, weka dawa za kutosha kwa muda wote utakaokuwa mbali na akiba juu yake, na hakikisha hospitali mpya inajua mapema. Mtoto anatakiwa kuanza dawa za kinga mara tu baada ya kuzaliwa, na hilo halisubiri faili lisafirishwe.

Hatua ya 4. Piga hesabu ya tarehe ya kuhama

Tarehe uliyopewa ni makadirio. Ni karibu mtoto 1 kati ya 20 anayezaliwa siku hiyohiyo. Mimba iliyokomaa huhesabiwa kuanzia wiki 37 kamili, na duniani karibu mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa kabla ya hapo. Kwa hiyo anayesema "tarehe yangu ni ya 9, nitaondoka tarehe 5" anacheza kamari.

Kwa mimba moja isiyo na tatizo, lenga kuwa umeshafika ifikapo wiki ya 36. Kama safari ni ndefu sana, au uliwahi kuzaa mapema, sogeza hadi 34 au kabla, kwa ushauri wa daktari. Mwenye mapacha ahame mapema zaidi; mapacha wengi hawafiki wiki ya 37.

Kuna hesabu nyingine ambayo watu hawaipigi, ya mahudhurio. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama aonane na mhudumu angalau mara 8: wiki ya 12, 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Ukihama wiki ya 35, mahudhurio matatu ya mwisho yanaangukia hospitali mpya, na hayo ndiyo yanayoonyesha mtoto amelalaje na presha inakwendaje. Usihame halafu ukakaa nyumbani kwa ndugu ukisubiri uchungu.

Kwa wanaopanda ndege: mashirika mengi huanza kudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na wengi hawampandishi mwenye mimba moja baada ya wiki ya 36, au mwenye mapacha baada ya 32. Soma masharti ya shirika lako kabla ya kulipa tiketi, na angalia tarehe ya barua. Nyingine zinatakiwa ziwe za siku chache kabla ya safari.

Hatua ya 5. Chagua hospitali ya akiba

Hapa ndipo pa kutulia. Chora njia kutoka unapoishi hadi unakokwenda na uandike majina ya hospitali tatu: ya karibu na nyumbani, moja ya katikati ya njia, na ile ya mwisho. Kwa kila moja jua mambo mawili tu: inafanya upasuaji saa zote? Namba ya simu ni ipi? Karatasi hiyo wapewe dereva na msindikizaji, isibaki kwenye simu yako. Ukiwa na uchungu hutafuti simu, na betri ikiisha hakuna anayejua nenosiri lako.

Ile ya karibu na nyumbani usiivunjie uhusiano. Endelea na kliniki hapo mpaka siku ya kuondoka. Wako wanaoacha kuhudhuria mwezi mzima kabla ya safari kwa kuwa "nitaendelea kule." Mwezi huo ndio presha hupanda bila mtu kuiona.

Hatua ya 6. Pesa na bima

Kama unatumia bima, piga simu kwa kampuni na uulize kwa maneno haya: hospitali hii imo kwenye orodha yenu? Ninahitaji kibali kabla? Mnalipia upasuaji wa kupanga na wa dharura? Mtoto akizaliwa analindwa kuanzia dakika ya kwanza au mpaka nimwandikishe? Omba jibu kwa maandishi.

Usiyelipiwa na bima, usipange kwa bei ya njia ya kawaida peke yake. Panga kwa bei ya upasuaji; ukizaa kawaida umebakiwa na chenji. Ongeza nauli ya kurudi, malazi ya msindikizaji, na wiki mbili za kukaa zaidi ya ulivyotarajia.

Malazi yenyewe yawe karibu na hospitali, si karibu na ndugu anayepika vizuri. Hospitali nyingine zina nyumba ya wajawazito ya kusubiria, ndani ya uwanja au jirani. Uliza, haitangazwi sana.

Hatua ya 7. Safari yenyewe

Karatasi zote, pochi, dawa na nguo za mtoto ziwe kwenye begi moja unalolishika mwenyewe. Haliingii buti la gari wala sehemu ya mizigo ya basi.

Mkanda wa gari unafungwa, hakuna cha "unanibana." Wa chini upite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, wa juu upite katikati ya matiti na kando ya tumbo. Mimba huongeza uwezekano wa damu kuganda miguuni, na kukaa zaidi ya saa nne mfululizo huzidisha. Simama kila baada ya saa mbili hivi, tembea dakika chache, chezesha vifundo vya miguu ukiwa umekaa, kunywa maji. Ndiyo, utakojoa mara nyingi. Mwambie dereva mapema ili asianze kununa njiani.

Safiri mchana. Usisafiri peke yako baada ya wiki ya 34.

Usipande chombo chochote kama siku hiyo unatokwa damu au maji ukeni, unaumwa kichwa kikali, macho yanaona ukungu, una maumivu makali chini ya kifua, homa, au mtoto amepunguza kucheza. Nenda hospitali ya karibu siku hiyohiyo. Tiketi itabadilishwa.

Hatua ya 8. Wiki ya kwanza ukishafika

Nenda kliniki ndani ya siku chache, hata kama hujisikii vibaya. Peleka ule ukurasa mmoja, fungua faili, uliza wodi ya kujifungulia iko wapi. Kisha fanya jambo ambalo wengi huona ni mzaha: pitieni njia ya kwenda hospitali usiku. Geti gani hufunguliwa baada ya saa nne usiku? Teksi inapatikana saa nane ya usiku wa manane? Lango kuu la mchana mara nyingi hufungwa, na mlango wa dharura uko upande wa pili kabisa wa jengo, baada ya kona isiyo na taa. Afadhali ulijue hilo ukiwa unatembea kwa raha.

Elewaneni pia lini mtaondoka nyumbani. Kwa mimba ya kwanza, wengi huambiwa waende uchungu unapokuja kila baada ya dakika tano, ukidumu kama dakika moja, kwa muda wa saa nzima. Uzazi wa pili na kuendelea huenda kwa kasi, usisubiri hesabu hiyo ikamilike. Mwenye kovu la upasuaji aende uchungu unapoanza tu. Chupa ikipasuka, nenda hata kama huna uchungu. Maji yakiwa ya kijani au yenye damu, nenda mbio.

Hatua ya 9. Kabla hujarudi nyumbani

Mipango mingi huishia mtoto anapolia. Yako isiishie hapo.

Ukizaa salama kwa njia ya kawaida, ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kubaki kituoni angalau saa 24, kisha kuonwa kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya 6. Maana yake ni kwamba usipange safari ndefu ndani ya wiki mbili za kwanza kama unaweza kuepuka. Uonwe huko mara mbili, na ya wiki ya 6 ufanyie nyumbani. Aliyepasuliwa akae zaidi, mpaka kidonda kikaguliwe na daktari amruhusu.

Kabla ya kuruhusiwa, hakikisha una karatasi hizi: muhtasari wa uzazi wako pamoja na dawa ulizopewa, kadi ya mtoto yenye uzito na chanjo alizopata (ya homa ya ini B inatakiwa ndani ya saa 24 za kwanza), maelezo ya upasuaji kama ulifanyiwa, na taarifa ya kuzaliwa ya kuombea cheti. Soma majina yote hapohapo dirishani, herufi kwa herufi. Kosa la herufi moja ukiwa kilomita mia kadhaa kutoka hospitali ni safari nyingine nzima. Uliza pia cheti kinafuatiliwa wapi, kwenye eneo alikozaliwa au unapoishi.

Kwa ndege, masharti ya mtoto mchanga hutofautiana. Mashirika mengi hutaka awe na siku 7 au zaidi. Kama umevuka mpaka wa nchi kwenda kuzaa, mtoto anahitaji hati yake mwenyewe ya kusafiria, na hiyo huchukua muda. Ulizia kabla hujazaa.

Mambo yakienda kombo

*Hospitali inasema haina nafasi.* Uliza kama ni wodi ya kulipia iliyojaa au ni hospitali nzima. Mara nyingi kilichojaa ni chumba cha binafsi. Kama umefika na uchungu, usigeuke kwenda kutafuta nyingine kwa teksi kabla hujapimwa. Dai upimwe njia imefunguka kiasi gani, na kama ni kuhamishwa, uhamishwe na mhudumu na barua.

*Wanataka kurudia vipimo vyote.* Onyesha majibu yako. Vingine hurudiwa kwa haki, kama wingi wa damu, na VVU katika miezi ya mwisho. Kundi la damu hupimwa upya kila panapokuwa na uwezekano wa kuongezewa damu. Hilo usibishane nalo.

*Tarehe imepita na hakuna dalili.* Hudhuria kama ulivyopangiwa, hesabu mtoto anavyocheza, na ikifika wiki ya 41 uwe umeshazungumza na daktari kuhusu kuanzishiwa uchungu. Usirudi nyumbani "kusubiri kidogo."

*Karatasi zimepotea.* Ndiyo kazi ya zile picha. Kama nazo hazipo, mpigie mkunga wako wa zamani akusomee kutoka kwenye rejista, na uombe hospitali ipige upya vipimo vya muhimu.

*Mtoto anakuja mkiwa ndani ya gari.* Simamisheni mahali salama, pigeni namba ya dharura au ya hospitali ya akiba iliyo karibu. Mama alale ubavu au akae nusu kulala. Msimvute mtoto, mpokeeni. Mkausheni kwa kitambaa safi, mwekeni kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikeni wote wawili pamoja na kichwa cha mtoto, uso ukiwa wazi. Kitovu msikikate, wala msikivute ili kondo litoke. Likitoka lenyewe, lifungeni pamoja na mtoto. Mama akitokwa damu nyingi, safari iendelee mara moja kwenda hospitali ya karibu kuliko zote.

*Umeishia kuzaa hospitali ya akiba.* Hakuna haja ya kuhamia ile ya mbali kwa sababu tu ulishailipia. Ukiwa salama na mtoto yuko salama, maliza huduma hapohapo, chukua karatasi za hatua ya 9, kisha piga simu kule ulikoandikishwa uwaambie umeshajifungua na uulize amana yako inarudishwaje.